Trekta Limewaka

Mume wangu Danford ana trekta dogo kuukuu ambalo halijawahi kuwaka siku ya kazi. Mvua zilipoanza hapa Mbebe, likagoma tena.

"Subiri, mama Nesta, kipuri kinatoka Tunduma," akasema, akarudi kulala chini ya injini yake. Shambani hakukanyaga.

Nikasubiri mpaka nikachoka. Nikashika jembe, nikalima na kupanda mahindi peke yangu, viganja vikatoka malengelenge.

Jana natoka sokoni, nasikia mngurumo. Danford yuko juu ya trekta, katikati ya mahindi yangu, ananipungia kofia.

"Limewaka, mama Nesta! Nimelima shamba lote!" akapiga kelele. "Halafu udongo wenyewe laini, utadhani umeshalimwa!"