Mzigo wa Funguo

Asubuhi hiyo gari liligoma tena, na Bwana Kufuli, kama kawaida yake, akamgeukia mkewe. Jina hilo alibandikwa na majirani, na lilimkaa sawasawa. Mtu gani mwenye akili timamu anafungia sukari? Geti kufuli, stoo kufuli, kabati la vyombo kufuli, chumba cha wageni kufuli, na funguo zote kazitia kwenye pete moja na ule wa gari, kitita kizima kinaning'inia chini ya usukani kama kengele ya ng'ombe.

"Umeiua swichi," alisema, kakaa kwenye kiti cha dereva. "Unaizungusha kama unakamua nguo. Kuanzia leo hugusi gari hili."

Mkewe angefungua mdomo angetukana. Mama yake aliruhusiwa hospitali tangu jana, yuko kwenye benchi la wodi na kibegi mapajani, anangoja kuchukuliwa. Jana gari lilikataa. Leo tena? Na hata akiletwa atalala wapi, wakati mwenye ufunguo wa chumba cha wageni kila akiulizwa anajibu "tutaona"?

Fundi, binamu yake Bwana Kufuli, alikuwa keshainamia injini. Betri ilikuwa nzima. Akachukua waya, akapeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye stata, ile mota ya kuwashia, injini ikazunguka.

"Umeme unaishia njiani, kaka. Ni swichi."

Akatoa mfukoni ufunguo wa akiba, aliokabidhiwa jana alipoombwa aje kulitazama gari. Gari likawaka. Akazima, akawasha, likawaka tena. Bwana Kufuli akatia wa kwake. Injini ikanguruma kidogo, kitita kikayumba, kimya.

"Si nimesema? Kaiharibu huyu."

Lakini mkewe hakuwa akimsikiliza. Alikuwa anatazama kitita kinavyouvuta ufunguo chini. Akaingiza mkono dirishani, akakibeba kiganjani.

"Washa sasa."

Likawaka. Akakiachia. Likazima.

Fundi akajikuna kisogo. "Shemeji kapatia. Uzito huu ndio uliolegeza swichi. Nitaweka nyingine, lakini ukiirudishia mzigo, nayo itakufa. Kwa leo ufunguo mtupu utatosha."

"Kwa hiyo funguo zangu nizitie wapi?"

"Mfukoni," mkewe akasema. "Au nao umeufunga?"

Fundi akageukia injini haraka, mabega yanamtikisika. Mwanamke akachomoa kitita, akaibana pete mpaka kucha ikavunjika, akautoa wa gari. Hakuishia hapo. Akapekua mmoja mmoja mpaka akaupata wa chumba cha wageni, akautoa na huo. Zilizobaki akamtupia mumewe mapajani.

"Shuka."

"Huo wa chumba unaupeleka wapi?"

"Nampelekea mwenyewe. Miaka yote hii nakuomba sukari ndani ya nyumba yangu, nimechoka. Mama yangu sitamwombea kitanda. Shuka, kaka."

Hakuwahi kumwita kaka tangu aolewe naye. Bwana Kufuli akashuka.

Gari likawaka mara moja. Mkewe akaliendesha mpaka getini, akakuta limefungwa. Hakutelemka. Akapiga honi, akaegemea kiti, akangoja. Bwana Kufuli akaja na kitita mkononi, akajaribu ufunguo huu na ule, akamfungulia.