Kioo cha Chumvi

Jumanne ile Mbeyu hakumsalimia mtu. Alipita lango la chuo, akapita kibanda cha mlinzi, akapanda ngazi mbilimbili hadi maabara namba nne, na kabla hajatua mkoba alikuwa ameshainama mbele ya mtambo kukitazama kidirisha kidogo cha ubavuni. Nyuma ya kidirisha hicho hukaa punje za kukaushia hewa. Zikiwa buluu, mtambo ni mzima. Zikiingia zambarau, mtu huanza kusali. Leo zilikuwa waridi, waridi ya keki ya harusi.

Akaweka kiganja juu ya mtambo. Baridi. Mtambo huu huachwa ukiwaka mwaka mzima, nao huwa na uvuguvugu wa paka aliyelala. Soketi ilikuwa imezimwa, na juu yake imebandikwa karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu: USIZIME. Madirisha yote matatu yalikuwa wazi. Pazia linapepea, na upepo wa Kilifi unaingia na unyevu wake wote kama mgeni aliyeletewa kadi.

Sikukuu ilikuwa ya siku nne.

"Mzee Ngowa," aliita kutoka dirishani. "Shikamoo. Hebu panda huku juu kidogo."

Ngowa, mlinzi, mtu wa Ganze, alipanda na kofia mkononi. Alikuwa akitabasamu.

"Marahaba, mwanangu. Umeona nilivyokutunzia? Waraka ulikuja Alhamisi. Mitambo yote izimwe saa kumi na moja, bila kubagua, tubane umeme. Nikasema, hiki chumba ni tanuri, mashine ya Mbeyu itasongwa na joto. Nikaifungulia madirisha ipate hewa."

Mbeyu alikaa juu ya stuli. Hasira aliyomwita nayo haikupata pa kutua. Angemgombezaje mtu aliyeionea huruma mashine?

"Mzee, ndani ya hii mna kioo cha chumvi."

"Chumvi hii tulayo?"

"Ndugu yake. Mwanga ninaoutumia mimi hauonekani kwa macho, ni ule wa joto, wanauita infraredi. Kwenye kioo cha kawaida haupiti. Kwenye chumvi unapita. Sasa chumvi ikiingiwa na unyevu…"

"Hulia," Ngowa akamalizia. Tabasamu likamtoka.

Kesho saa nne asubuhi kamati ya ufadhili ingekaa kuamua kama Mbeyu aongezewe miezi sita ya kumalizia utafiti wake wa uzamifu au afunge virago. Sampuli kumi alikwisha kuzipima, kila moja na mchoro wake. Ilibaki ya kumi na moja, iliyotoka kwenye bwawa jekundu kuliko yote kule Gongoni, ambako baba yake, Lewa, alikwangua chumvi miaka thelathini. Wekundu ule ni viumbe wadogo wasioonekana. Wanaishi katika maji ambayo yangemkausha samaki akawa ng'onda, na utando wa mafuta unaowafunika haupasuki. Mbeyu alitaka kujua kwa nini. Anayejua siri ya utando ule huenda akaweza kushona vifuko vya kubebea chanjo visivyoharibika kwa joto la Magarini umeme unapokatika. Profesa Mueni, msimamizi wake, alikuwa amemwambia kwenye simu kwa sauti ya upole, na upole wake ndio uliomtisha: "Bila mchoro wa kumi na moja usijisumbue kuja. Watakuuliza huohuo."

Akafunga madirisha, akashuka kwenda ofisi ya ununuzi.

Bwana Kambi, afisa wa ununuzi na mkaguzi wa matumizi ya umeme, alikuwa mtu safi, shati limepigwa pasi hadi mikono ikasimama. Alimkaribisha kiti.

"Punje za kukaushia," Mbeyu alisema. "Niliziomba tangu mwezi wa kumi."

"Ombi lako ninalo. Ombi zuri. Linangoja sahihi ya mkuu wa idara."

"Mkuu wa idara yuko Naivasha."

"Ana nini Naivasha?"

"Warsha ya kubana matumizi."

Kambi hakucheka. Aliandika kitu. "Basi robo ijayo."

"Bwana Kambi, hewa ya Kilifi haijui robo. Na huu waraka wa kuzima mitambo mbona umepita kwa siku moja?"

"Ule haukutaka kununua kitu."

"Basi nisamehewe mimi. Leo tu, maabara namba nne, isizimwe saa kumi na moja."

"Kusamehewa kuna fomu."

"Nipe fomu."

"Iko kwenye mfumo."

"Na mfumo?"

"Uko chini tangu Jumatano," Kambi alisema, kwa huzuni ya kweli, kama anayetaja mgonjwa wa nyumbani kwake.

Punje zikilowa hukaushwa kwenye tanuri, lakini tanuri ya maabara ilikufa mwezi wa tatu na ombi lake la fundi linaishi nyumba moja na ombi la punje. Mbeyu alimpigia Hetal, waliyesoma pamoja Malindi, ambaye sasa ana duka la biskuti mjini.

"Zilete," Hetal alisema. "Nitazioka nankhatai zikitoka tanurini."

"Haziokwi penye chakula, shoga. Hiyo rangi yake ni sumu. Nitakuulia wateja."

"Wengine sitasikitika," Hetal alisema. "Kampigie baba yako. Huyo ndiye profesa wa unyevu."

Mbeyu alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, kisha akaona kwamba si mzaha.

"Baba, shikamoo. Kule Gongoni chumvi ikilowa kwenye magunia, mlikuwa mkifanyaje?"

"Marahaba. Ikilowa na bosi yuko mbali, au ikilowa na bosi anakuja?"

"Anakuja."

"Sufuria na makaa. Moto wa chini chini, mwiko usilale. Ukiharakisha, itakurukia machoni." Mzee Lewa akakohoa kile kikohozi cha chumvi ambacho hakuna waraka uliowahi kukitaja. "Ndiyo kemia yenyewe hiyo? Nimeuza mbuzi ukafundishwe kukoroga chumvi?"

Ngowa hakuulizwa mara mbili. Alileta jiko lake la kupikia ugali wa mchana, akalitua nyuma ya jengo, akaleta na sufuria iliyong'oka mkono, ambayo Mbeyu alimwambia isirudi kupika tena maisha yake. Mbeyu akafunga barakoa, akachomeka kipimajoto cha maabara katikati ya punje, akaanza kukoroga. Nyuzi mia. Mia na kumi. Ikizidi mia na thelathini aliinua sufuria, ikishuka aliirudisha. Kwa saa mbili alikaa amechutama hivyo, yeye mwenye shahada mbili, jasho likimchuruzika hadi kwenye barakoa.

"Daktari, ni njugu?" mwanafunzi mmoja aliuliza akipita.

"Onja moja, uahirishiwe mitihani yote ya duniani."

Punje zikaanza kugeuka pembeni, kisha katikati. Zambarau. Halafu buluu, buluu ya sare mpya ya shule. Ngowa, aliyekuwa amesimama kulinda lisije likapita shati la pasi, aliguna tu kama mtu aliyeshushiwa mzigo.

Mbeyu alizirudisha mahali pake, akaziba nyufa zote kwa utepe wa gundi, akawasha, akangoja. Hakula. Saa tisa na nusu aliufungua mwanga. Kwenye kompyuta hutokea namba ya nguvu ya mwanga unaofika mwisho wa safari. Zamani ilikuwa elfu tisa. Leo ilisoma elfu mbili na mia moja.

Kioo kilikuwa kimelia. Hakikufa, ila kimeingia ukungu usiofutika.

Alipiga hesabu kwa kidole juu ya meza. Sampuli hupashwa joto kutoka nyuzi ishirini hadi sabini, kwa hatua kumi na moja, na kila hatua mtambo husikiliza mikia ya chembe za mafuta ya utando ikitikisika. Ikilegea, mchoro husogea kidogo sana, unene wa unywele. Kwa mwanga hafifu hivi, kila hatua itataka robo saa. Jumla yake, saa tatu kasorobo. Akianza saa kumi kasorobo, atamaliza saa kumi na mbili na nusu.

Na katikati ya njia ilikuwapo saa kumi na moja.

Alianza hivyo hivyo. Ishirini. Ishirini na tano. Macho yake yalikuwa yakienda kwenye skrini, saa ya ukutani, mlango, na kurudi. Thelathini na tano. Arubaini. Mchoro ulikuwa na miba midogomidogo, lakini chini ya miba uliendelea bila kuvunjika.

Saa kumi na moja Ngowa aliingia na karatasi ya ukaguzi. Ina safu mbili, ya imezimwa na ya haijazimwa, na ya pili hiyo hakuna aliyewahi kuiona ikitiwa alama.

"Bado?" aliuliza.

"Nusu bado. Na ukizima, hii sampuli imekwisha kuonja joto, hairudi ilivyokuwa. Sina nyingine, mzee."

Ngowa aliutazama mtambo. Mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu, na mwenzake wa zamu alifukuzwa mwaka jana kwa ajili ya taa moja ya chooni iliyoachwa ikiwaka. Mbeyu alijua. Alifungua kinywa amwambie azime tu, na kinywa hakikutoa neno. Aliona aibu, lakini hakulitafuta neno hilo kwa bidii.

Viatu vya Bwana Kambi vikasikika kwenye ngazi.

"Namba nne tayari?" Kambi alisimama mlangoni.

Ngowa aliikandamiza karatasi ukutani, akatia alama, akampa. Kambi aligeukia mwanga wa nje, akaisoma mstari kwa mstari na kidole, macho chini. Nyuma yake, hatua tatu hivi, mtambo ulikuwa unavuma, na taa yake ya kijani inamwangalia kisogo.

"Safi sana," alisema. "Hii namba nne ndiyo iliyokuwa ikininyima usingizi."

Akaondoka. Kama aliusikia ule mvumo, basi aliona hauna fomu.

Saa kumi na mbili na nusu mchoro wa kumi na moja ulikamilika, na miba yake. Kesho yake kamati iliutazama, mmoja akauliza mbona una ukungu, Profesa Mueni akajibu kwamba huko ni pwani. Wakampa miezi sita. Na kila jioni Ngowa alitia alama ileile, mtambo ukivuma.

Barua ya ofisi ya ununuzi ilifika wiki tatu baadaye. Aya ya kwanza iliipongeza maabara namba nne kwa kuutii waraka kila siku bila kukosa. Aya ya pili ilikataa ombi la punje: karatasi za ukaguzi, zenye sahihi ya mlinzi, zilionyesha kwamba mtambo huzimwa kila jioni, na kwa hivyo hauna matumizi ya kustahili kununuliwa vifaa.

Mbeyu aliisoma mara mbili. Kwenye kompyuta namba ilikuwa imeshuka hadi elfu moja na mia nane, na kwenye kidirisha punje zilikuwa zimeanza zambarau. Alishuka hadi kibandani na sufuria kwapani.

"Mzee, makaa yamebaki?"

"Yamebaki ya ugali wangu tu," Ngowa alisema. Akalitazama wingu lililokuwa likipanda upande wa Takaungu, akainama, akamsogezea jiko.