Asali Iliyojificha Ndani ya Maji

Binti wa darasa la tano aliyeitwa Tetemeko hakulipata jina hilo bure. Popote alipopita, kitu kilianguka. Kwa hiyo mwalimu wa sayansi alipomkabidhi chupa ya kioo atangulie nayo darasani, walimu wenzake walitazamana.

"Una moyo wewe!" mmoja akamwambia.

"Mtoto wa kaka yangu huyu. Nisipomwamini mimi, nani atamwamini?"

Chupa yenyewe mwalimu alikuwa ameihangaikia tangu alfajiri. Chini asali, imetulia kama mwenye nyumba. Katikati maji aliyoyatia rangi nyekundu. Juu mafuta ya kupikia. Kila tabaka na mpaka wake. Mwalimu alikuwa bado mgeni pale shuleni, na mwalimu mkuu, mzee ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, alikuwa amesema atakuja kumsikiliza akifundisha.

Mwalimu alipokaribia darasa akasikia kishindo. Tetemeko alikuwa amejikwaa kizingitini. Chupa haikuvunjika, kifuniko nacho kilishika, ila ilibiringika hadi ukutani. Na mtoto kwa hofu akaiokota, akaitikisa kwa nguvu zake zote, eti vitu virudi mahali pake. Ndani sasa mlikuwa na uji mwekundu usioeleweka.

"Shangazi... yaani, Mwalimu," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nimeharibu kila kitu."

Mwalimu alichungulia darasani. Kule nyuma mwalimu mkuu alikuwa ameshaketi, kalamu mkononi, uso kama mlango uliofungwa. Amgombeze mtoto? Aombe radhi? Akaitupia chupa jicho tena, na pale juu kabisa akaona vitone vya mafuta vikianza kukutana. Moyo ukamrudi.

"Maji yakimwagika ndiyo hayazoleki," akamnong'oneza. "Haya yametikisika tu. Weka mezani, polepole."

Kisha akaligeukia darasa. "Haya, nani anasema vitu hivi vitarudi kama vilivyokuwa?"

Darasa likagawanyika papo hapo. Wengine waliapa vitarudi, wengine wakacheka kabisa. Wakaizunguka meza, wamebanana, wasipumue.

"Mafuta yanapanda! Yaoneni!"

"Kwa sababu mepesi!"

"Mepesi kuliko nini?" mwalimu akauliza. "Pipa la mafuta na kijiko cha maji, kipi kizito?"

Wakaguna, wakakuna vichwa. Mwishowe mmoja akasema ni lazima vipimo viwe sawa, kijiko kwa kijiko, na hapo maji ndiyo yatashinda. Akapigiwa makofi.

Tetemeko ndiye hakupiga. Alikuwa amechuchumaa, jicho limeganda kwenye sehemu ya chini ya chupa.

"Mwalimu, mbona asali haikurudi?"

"Wewe unaonaje?"

Akafikiri, ulimi nje. "Imeyeyuka. Imejificha ndani ya maji. Tukiyachemsha mpaka yaishe, tutaikuta sufuriani."

Mwalimu hakuwa amepanga kufundisha hilo. Lilimjia kama zawadi, akacheka kwa sauti.

"Basi tuone kitu kinachobadilika kweli." Akatoa chupa nyingine yenye siki, akavisha mdomo wake puto alilolitia magadi, yale ya kulainishia maharage. "Nani ataliinua?"

"Mimi," ikajibu sauti nzito kutoka nyuma.

Watoto wakampisha mwalimu mkuu. Akaliinua puto kwa vidole viwili, magadi yakaporomoka, siki ikachemka bila moto, povu likapanda, na puto likaanza kufutuka.

"Lo!" mzee akaruka nyuma. "Linapumua hili!"

Meno yakaonekana, meupe, yote.

"Nani atanirudishia siki yangu?" mwalimu akauliza.

"Tungoje kidogo?" wakabahatisha.

"Hata tukingoja mpaka kesho haitarudi," akasema Tetemeko. "Hiyo hewa haikuwemo. Imezaliwa sasa hivi."

Mwalimu mkuu akataka kulifunga puto, likamponyoka. Likazunguka darasa zima likitoa sauti isiyotamkika mbele ya wakubwa, na wote wakaangua kicheko, mzee akiwa wa kwanza.

Kengele ilipolia, yeye alibaki. Akakohoa, akatazama mlangoni kama mtu anayeogopa kusikiwa.

"Mwalimu, umefundisha. Sasa niambie, siki kiasi gani? Wajukuu zangu wanakuja Jumamosi."