Mwonjaji Kutoka Nanyala

Fides alikuwa amelima kahawa Nanyala kwa miaka ishirini na sita bila kuijua ladha yake. Nyumbani kwake walikunywa chai. Kahawa ilichumwa, ikamenywa, ikaoshwa, ikaanikwa, ikapelekwa chamani. Ilikokwenda baada ya hapo zilikuwa habari za watu wengine.

Chama cha ushirika kilipotafuta wanachama sita wa kufundishwa kuonja, katibu Danford aliliandika jina lake, maana orodha ilikuwa ya wanaume tu.

"Mimi niliishia darasa la nne," Fides alimwambia.

"Ulimi hauulizwi cheti, mama."

Akaenda, kwa kuona haya kukataa mara ya pili.

Mafunzo yalifanyika Vwawa. Mwalimu alikuwa Gwantwa, binti wa Ileje aliyelingana umri na Ruti, mtoto wa kwanza wa Fides. Alimimina maji ya moto juu ya kahawa iliyosagwa, akachota kwa kijiko, akafyonza kwa sauti kubwa, kisha akatema kwenye kopo. Fides alitazama chini. Utotoni alichapwa kwa kunywa uji namna ile.

"Ukifyonza kwa nguvu inaenea ulimi mzima," Gwantwa alieleza. "Mama Ruti, umeonja nini?"

"Uchungu."

"Na kingine?"

"Uchungu tu, mwalimu."

Mwanachama mwenzake, Lusubilo, akacheka. Katika jaribio la siku hiyo Fides alipata majibu mawili sahihi kati ya kumi. Wakati wa kuondoka alimwambia Gwantwa kwamba harudi. Ulimi wake ulikuwa wa ugali na maharage.

"Mimi mwezi mzima wa kwanza nilikuwa napata matatu," Gwantwa alisema. "Bado hujauzoeza ulimi, basi. Nyumbani una ndimu, mapera, miwa? Fumba macho, onja, ujiambie unasikia nini. Alhamisi nitakusubiri."

Mumewe, Amoni, aliliona zoezi hilo kuwa mchezo wa kitoto. Siku ya tatu ni yeye aliyekuwa akimtegea asali kwenye maji ya vuguvugu aitambue. Fides alikuwa akichanganya uchachu na ukakasi, mpaka alipotafuna ndizi mbichi na kusikia mdomo ukikauka. Alhamisi alipata manne. Juma lililofuata, matano. Akawa anafyonza bila kuangalia nani anamsikia.

Juma la nne vikombe viliwekwa namba tu, bila majina ya wakulima. Wenzake walionja wakapita; Fides alifika cha nne, akaendelea, akarudi.

"Hiki kina siki," alisema. "Kahawa imelowekwa mno, imechacha."

"Mbona mimi sisikii kitu?" Lusubilo aliuliza.

Fides alichota kijiko kingine. Akaonja tena, taratibu. "Ni mbovu," akasema.

Gwantwa alitazama karatasi yake, akasita. "Ni kweli, imechacha. Mzigo huu ni wa Amoni na Fides, Nanyala."

Fides alishikwa na aibu. Alilikumbuka juma la msiba wa mama mkwe, kahawa ikikaa siku tatu kwenye maji, nao wakidhani kuosha kungetosha. Alitaka kutoka nje. Badala yake akavuta kiti, akafungua daftari.

"Mwalimu, saa ngapi zinatosha kuloweka? Na wakati wa baridi je?"

Gwantwa alianza kueleza. Baada ya kitambo Lusubilo naye akasogeza kiti. "Hata mimi huwa naacha siku tatu," alisema kwa sauti ya chini.

Fides alirudi nyumbani na kahawa kidogo, nzuri na ile yao iliyochacha, akampikia Amoni zote mbili. Amoni alifyonza kama alivyoonyeshwa, akapaliwa, akakohoa, akasukuma mbali kikombe cha kahawa yao. Kesho yake walikaa wakapanga nani atabaki nyumbani kuiosha kahawa hata siku za msiba.

Mtihani wa mwisho ulitaka manane. Fides alipata saba. Alilia kidogo, Gwantwa akiwa amemshika bega. Halafu akauliza awamu nyingine ingeanza lini, akaambiwa Oktoba, akaomba fomu na kuijaza kwa mkono wake palepale mezani.