Mahali pa Gilasi

Kinoti, fundi redio wa mtaa wa Galbet mjini Garissa, alimtazama Weris machoni akamwambia kuwa amplifaya ya gita ya marehemu mumewe haitapona tena. Alikuwa ameshaifungua. Transista moja tu ndiyo iliyoungua, na ya kuweka badala yake alikuwa nayo, ndani ya kopo pale pale mezani.

"Basi kaa nayo, fundi. Vyuma vitakusaidia kwa kazi," mama yule akasema.

Tamaa ilikuwa imemwingia Kinoti tangu alipoliona lile sanduku jeusi la miaka ya sabini. Halikuwa na valvu za kusubiriwa zipate moto. Ukiliwasha linaamka papo hapo, hata kwa betri ya gari, na sauti ya gita inatoka kavu, safi, kila uzi ukisikika peke yake. Vumbi lote la Garissa halikuwa limeliweza.

Wiki iliyofuata, alasiri, alikuwa akipiga gita kibandani kupitia sanduku lile aliposikia salamu mlangoni. Weris alikuwa amemletea chupa ya chai, shukrani kwa kuhangaika kwake.

"Umepata nyingine kama ile?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Nimeitoa Nairobi," Kinoti akajibu, masikio yakimchoma.

Weris akamimina chai, na kwa mazoea, bila kuangalia, akaitua gilasi juu ya sanduku, pembeni kushoto, kwenye duara jeupe lililoachwa na gilasi ya mumewe kwa miaka ishirini. Ikalienea duara hilo sawasawa.

Hapo ndipo alipoangalia. Aliangalia kwa muda mrefu, na Kinoti hakuwa na uso wa kumtazama.

"Kunywa, fundi," akasema taratibu. "Inapoa."