Sahani ya Kambo Najma

...na sasa anasema batoto ba sixième, darasa ya sita, njo batarudia ba kwanza, vile masomo ilifungwa juu ya ile ugonjwa ya kuambukiza, bengine bangoye, directeur Adalbert huyu anaongea nyuma ya cache-nez, ile kitambaa ya kufunika pua na kinywa, kama muntu iko na supu mu kinywa, bamoja asubui, bengine kisha midi, mutoto mumoja ku banc, ndoo ya mayi na sabuni pa mulango, na mi niko apa ku banc ya batoto, tako moja ndani, ingine inje, Albertine wa pembeni aliniona, akacheka, njo mi pia nikacheka mpaka directeur akasimama, "Ma Habiba, kuko neno?", nikamwambia "Apana, directeur, endelea, ni banc njo inalia", bote bakacheka, hata yee... lakini akimaliza ile mambo ya ndoo atauliza muzazi mumoja mumoja, mutoto anarudia ao anabakia, na mi sijue nitajibu nini. Najma yetu iko sixième, dada yangu anatumika kazi Kolwezi, alinibakishia mutoto, kama harudie hakuna examen, atakariri mwaka, na vile iko na akili, si kama mi, masomo ilinishinda bado mudogo... "Sixième kwanza, tuone, kisha bale bengine," asema directeur, tuone, eeh, utaona we, mama yangu iko na kifua, kutoka ku choo tu anapumua kama muntu anasukuma kinga, baiskeli ya makala, ku mulima, na mutoto ni majina yake, balimupatia jina ya kambo, bibi yake, bote bawili Najma, kitanda moja, ugali yao ya bukari moja, sahani moja, samaki kambo anaitosha miiba na vidole vyake anamupatia... ugonjwa ikitoka ku masomo itaishia tu mu ile sahani. "Si mutenganishe sahani," Albertine ananinong'onezea, anajua mambo ya nyumba yetu, "kintu gani nguvu?", oh Albertine, unaikala apa ku mutaa yetu ya Kenya ao unaikala ku mwezi, apa kwetu mutoto akiacha kula na muzee, bantu banasema nini, banasema muzee ni mulozi, balimuona usiku. Ona kambo Chishimba wa avenue ya nyuma, alikuwa na kidonda ku mukono, bakamuwekea chakula pembeni, basi, maneno ikatoka ku robinet, ku bomba ya mayi, ikafika ku soko, ule mwenye kuniletea alikuwa anaapa kabisa, na nyumba yake hawakuelezea muntu, walinyamaza, waliona haya... Njo pale. Walinyamaza. Kama bangelisema ni kidonda, nani angeliongeza ingine, maneno ya ulozi inaota fasi bantu bamefunga kinywa, na kinywa yangu mi, nani alishaiona imefungwa... "Hatutafungula yote siku moja," asema directeur, "muntu anazoea kidogo kidogo," na ya kweli, mama nikimutosha mutoto ku kitanda na ku sahani siku moja atalia, atasema nimesha kufa, lakini sahani kwanza, azoee, kisha mutoto akuye kulala kwangu ku mukeka mpaka examen ipite... na nitamwambia mama namna gani, ataniangalia ile macho yake... apana, simwambie yee kwanza. Ndoo, sabuni, bado directeur iko ku ndoo, hajafika kwangu, Albertine anapanga cache-nez chini ya kidevu, na mi nishaona kesho asubui, nitasimama inje, chini kabisa ya dirisha ya mama, niite bajirani, Albertine naye, niseme kwa nguvu, bajirani, Najma wetu anarudia masomo, kambo iko na kifua, tunamupatia sahani yake peke yake kama chef, kama mukubwa, mwenye kusema mulozi akuye nimuone, na nicheke, nicheke ile yangu ya kufika mpaka mutaa ya Bel-Air, mama asikie mule ndani mu kitanda, ayue kama kula peke yake haina haya.