Lugha Aliyoimeza Perina

Jirani yangu Vilko aliishi na mkewe Perina miaka thelathini na moja bila kumwonea wivu hata siku moja, mpaka alipokuja Lovre, yule fundi wa paa.

Lovre mwenyewe alikuwa mzee anayechechemea. Ila alizaliwa Vis, kisiwa kilekile alikozaliwa Perina. Siku ya kwanza aliposhuka kunywa maji aliuliza jambo, na “nini” akaitamka “ča”, kama watu wa visiwani. Sisi wa huku bara, Zagorje, husema “kaj”. Perina akaacha unga aliokuwa akikanda.

“Wewe ni wa Vis? Mtoto wa nani?”

Kuanzia hapo Vilko aliambulia neno moja moja tu. Kilikuwa Kikroatia, lakini kilikwenda mbio kikimwacha nyuma. Na Perina alicheka, tena si kile kicheko chake cha kuficha meno. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Siku ya tatu Vilko akashindwa kuvumilia. Akamwambia Lovre kazi imetosha.

“Lakini upande wa nyuma bado, bwana Vilko.”

“Nitamalizia mwenyewe.”

Perina alipotoka bustanini akakuta ngazi haipo.

“Umemfukuza?”

“Kwani mlikuwa mnaongea nini kutwa nzima?”

“Habari za mbuzi wa mjomba, aliyekula shela ya bibi harusi kanisani.”

“Mbona mimi hujawahi kunisimulia?”

“Kwa maneno ya huku haichekeshi.”

“Ungenisimulia kwa hayo yenu!”

Perina akajifuta mikono taratibu. “Wiki niliyoolewa nilisema ‘ča’ mezani. Mama yako akacheka, dada zako wakacheka. Na wewe ukacheka, Vilko. Basi nikayameza.”

Vilko hakukumbuka kabisa. Hilo ndilo lililomchoma.

Asubuhi alijaribu: “Ča… ča unapika?”

“Acha, bwana wee, utajing’ata ulimi,” alisema Perina, akageukia jiko haraka.

Vilko akavaa koti, akaenda kumfuata Lovre kwenye nyumba ya wageni.

“Si ulisema utamalizia mwenyewe?”

“Mvua inakuja. Twende, mzee.”

Lovre alifanya kazi siku mbili zaidi. Vilko alikaa jikoni akimenya viazi, wale wawili wakipiga soga kwa sauti kupitia dirishani. Wivu haukumtoka, kila neno lililompita lilimchoma. Lakini hakuinuka. Mara nyingine alimvuta mkewe aproni akanong’ona, “Hapo amesema nini?”